Pesa imekatwa, tiketi haikuja: kisa cha wajaribu wawili wa programu Mombasa

Malalamiko yenyewe yalikuwa mafupi. Abiria amelipa nauli ya Mombasa kwenda Nairobi kwa M-Pesa, ujumbe wa M-Pesa anao, tiketi hana, na kiti alichokichagua kimeshauzwa kwa mtu mwingine. Makarani wa dirisha la tiketi za basi huko Mwembe Tayari, Mombasa, walikuwa wakiyapokea zaidi Ijumaa jioni na siku za mwisho wa mwezi, wakati basi limejaa na hakuna kiti cha kumtulizia mtu. Kampuni hiyo ya mabasi ilikuwa na programu ya simu, tovuti, wasanidi watatu, yaani waandishi wa programu, na mjaribu mmoja, mtu wa kuzitafuta hitilafu zake. Baadaye ikaongeza mjaribu wa pili, na lalamiko lile lile likapita mikononi mwa wote wawili. Tofauti ya kazi yao ndiyo inayochambuliwa hapa. Kisa kimeundwa kwa ajili ya uchambuzi na hakuna kampuni halisi inayosemwa, ila mfumo wa malipo umeelezwa jinsi unavyofanya kazi kweli.

Mjaribu wa kwanza tumtendee haki: hakuwa mvivu. Alikuwa na orodha ya majaribio 212, na kila toleo jipya likitoka aliyapitia yote, akaweka alama ya kijani au nyekundu, akatuma jedwali kwa meneja kabla ya saa kumi jioni. Watu wakisikia "mjaribu mbaya" humfikiria anayechezea simu kazini. Huyo hana hatari kubwa, maana hujulikana mapema. Anayeigharimu kampuni ni yule mwenye bidii ambaye bidii yake yote inapita njia moja, kila wiki, kwa uaminifu.

Lalamiko lilipomfikia alifanya ambalo wengi wangelifanya. Alifungua programu kwenye simu yake ya Samsung, akiwa kwenye WiFi ya ofisi, akanunua tiketi moja. Ikaja. Akarudia mpaka mara ishirini, na zote zikaja. Ripoti yake ilisomeka hivi:

"Tiketi haiji. Mteja analalamika hakupata tiketi baada ya kulipa. Nimejaribu mara 20, inafanya kazi. Huenda ni mtandao wa mteja. Haijirudii. Imefungwa."

Kila sentensi humo inaweza kuwa kweli na bado ripoti nzima isiwe na faida. "Nimejaribu mara 20" inasikika kama ushahidi mzito. Lakini ni jaribio moja lililofanywa mara ishirini: simu ile ile, mtandao ule ule, kiti kimoja, mlipaji ndiye msafiri, jina na namba ya kitambulisho vimeshahifadhiwa kwenye simu, PIN inawekwa mara kidirisha kinapotokea. Kukisakura kitu kimoja mara ishirini hakukifanyi kuwa vitu ishirini. Na "haijirudii" si matokeo ya jaribio. Maana yake ni kwamba masharti yanayoizalisha hitilafu bado hayajajulikana, na ripoti yenye hali hiyo huachwa wazi, haifungwi.

Kabla ya kumfuata mjaribu wa pili, msomaji anahitaji kujua pesa inavyopita, kwa sababu hitilafu za mifumo ya tiketi hupenda kujificha hapa.

Abiria akibonyeza Lipa, seva ya kampuni, yaani kompyuta inayoendesha mfumo wake, hutuma ombi kwa Daraja, lango la M-Pesa ambalo Safaricom imewawekea wasanidi. Daraja hujibu papo hapo, na jibu hilo huwa na ResponseCode yenye thamani 0 pamoja na kitambulisho cha ombi kiitwacho CheckoutRequestID. Sifuri hiyo inasema tu kwamba ombi limepokelewa. Hakuna aliyelipa bado. Kisha simu ya mlipaji huonyesha kidirisha cha kuweka PIN. Akishaiweka, au akikataa, au akikaa kimya hadi muda uishe, matokeo hutumwa peke yake, kwa safari nyingine kabisa, hadi kwenye anwani ambayo seva ya kampuni imeitaja. Matokeo hayo yana ResultCode: 0 ni amelipa, 1 ni salio halitoshi, 1032 ni amekataa, 1037 ni simu haikufikiwa au hakujibu, 2001 ni PIN si sahihi. Yakiwa 0 huja na sehemu iitwayo CallbackMetadata, ambamo mna kiasi, namba ya risiti, tarehe na namba ya simu. Yakiwa kitu kingine, sehemu hiyo haimo.

Kwa hiyo kuna sifuri mbili zenye maana tofauti, na kati yake kuna muda ambao hakuna anayejua kama pesa imetoka au la. Mjaribu anayejua hilo atauchunguza muda huo kwanza. Asiyejua ataona kitufe, kidirisha na tiketi.

Mjaribu wa pili hakuanza na simu. Alishuka Mwembe Tayari na kuomba daftari ambalo makarani wanaandikia malalamiko. Akakaa nao zamu nzima ya jioni, jambo ambalo meneja aliliona kama kupoteza siku. Karani mmoja, mtu mzima aliyezoea dirisha hilo, alimwambia jambo ambalo halikuwamo kwenye ripoti yoyote:

"Dada, hawa wanaokwama wengi ni wa familia. Mama yuko hapa na watoto, au yuko nyumbani Kisauni, anachagua viti. Wa kulipa ni baba, na baba yuko kazini bandarini. Ampigie kwanza, amtumie namba, ndipo alipe."

Mlipaji si msafiri, viti ni zaidi ya kimoja, na simu ya kulipia haiko mkononi mwa anayenunua. Katika yale majaribio 212 hakuna hata moja lililokuwa na sharti lolote kati ya hayo matatu, isipokuwa jaribio moja la kununua viti viwili, nalo lilitumia majina yaliyokwisha kujazwa.

Daftarini mlikuwa na malalamiko 11 yenye taarifa za kutosha. Kwa kila moja alichukua namba ya risiti ya M-Pesa, saa iliyoandikwa kwenye ujumbe, kiasi na idadi ya viti. Kisha akaenda kwenye kumbukumbu za seva, ambamo kila tukio huandikwa na saa yake, akatafuta oda inayohusika: saa kiti kilipochaguliwa, saa ombi lilipotumwa Daraja, saa matokeo yalipofika, na seva ilifanya nini.

Hapa kuna mtego wa kwanza, na wengi huanguka. Ujumbe wa M-Pesa ulisema saa 2:14 usiku, yaani 20:14. Kumbukumbu za seva zilisema 17:14. Mtu wa haraka angesema saa hazioani, huenda mteja anatoa risiti ya siku nyingine. Kumbe seva inaandika kwa UTC, saa ya marejeo ya dunia, na Kenya iko saa tatu mbele yake mwaka mzima bila kubadilika. Tarehe ndani ya CallbackMetadata nayo huja kama tarakimu 14 mfululizo, mwaka hadi sekunde, bila kutaja ukanda wa saa, ikiwa ni saa za hapa. Alizigeuza zote ziwe saa za Afrika Mashariki kwanza, ndipo akalinganisha.

La pili alilofanya halifanywi na wengi: alichukua pia oda 30 zilizofaulu, za jioni zile zile, akaziweka kwenye jedwali hilo hilo. Ukiwatazama wagonjwa peke yao, kila walichonacho kitafanana na chanzo cha ugonjwa. Wote walilipa kwa M-Pesa, wote walikuwa wanakwenda Nairobi, wengi walitumia simu za Tecno. Na waliofaulu je? Nao vile vile. Safu moja tu iliwatenganisha: muda kati ya kuchagua kiti na kufika kwa matokeo ya malipo. Kwa waliofaulu, mrefu kuliko yote ulikuwa sekunde 117. Kwa malalamiko tisa kati ya yale 11, mfupi kuliko yote ulikuwa sekunde 124 na mrefu zaidi 311. Nane kati ya hayo tisa yalikuwa ya viti viwili au zaidi.

Mawili hayakuingia kwenye mstari huo, na hakuyalazimisha. La kwanza lilikuwa la mtu aliyelipa mwenyewe kwa mkono kwenye namba ya till, yaani ya kulipia biashara, isiyokuwa ya kampuni. Halikuwa kosa la mfumo. La pili tutalirudia.

Alimwendea msanidi na swali moja: kiti kinashikiliwa kwa muda gani? Kwenye faili la mipangilio ilikuwa sekunde 120, na saa ilianza kuhesabu pale kiti kinapochaguliwa, si pale ombi la malipo linapotumwa. Mtu wa tiketi moja mwenye jina lililohifadhiwa humaliza fomu kwa sekunde kumi au kumi na tano. Mama wa viti vinne anaandika majina manne na namba za vitambulisho, anapiga simu bandarini, anaandika namba ya mumewe. Dakika imekwisha kabla hata kidirisha cha PIN hakijatokea. Sekunde ya 120 ikifika, mfumo unaiandika oda "imeshindikana", unakirudisha kiti sokoni, na skrini inasema: "Malipo yameshindikana. Jaribu tena." Sekunde ya 124 matokeo yanafika yakiwa na 0. Seva inatafuta oda, inaikuta imefungwa, inaandika mstari mmoja kwenye kumbukumbu na kunyamaza.

Sentensi ile ya kwenye skrini ilikuwa na madhara yake peke yake. Watu wawili kati ya wale tisa walitii, wakajaribu tena, wakalipa mara mbili.

Wengi wangeishia hapo na kuandika ripoti. Yeye bado alikuwa na dhana tu, dhana nzuri, na alitaka kuizalisha hitilafu kwa mkono wake. Tatizo: huwezi kuiambia Daraja ichelewe kwa sekunde unazotaka. Kwa hiyo alimwomba msanidi amsaidie kutengeneza seva bandia, programu fupi isiyofika mistari mia moja, ambayo inapokea ombi kama Daraja, inajibu ResponseCode 0, kisha inangoja muda uliowekwa, ukihesabiwa tangu kiti kichaguliwe, ndipo itume matokeo. Anwani ya Daraja kwenye mazingira ya majaribio ikaelekezwa huko. Msanidi asiyetaka kutoa nusu siku kwa kazi hii atatoa wiki nzima baadaye, lakini hilo ni vigumu kumweleza mtu kabla hajaonja.

Ngazi za muda zilikuwa 5, 60, 119, 120, 121, 180 na 320. Kila ngazi kwa kila msimbo wa matokeo: 0, 1, 1032, 1037 na 2001. Hizo ni 35. Hakuzipa uzito sawa. Ngazi ya 5 na 60 alizipitia mara moja moja. Pale mpakani, 119 hadi 121, kwa msimbo 0, alirudia mara ishirini kila moja. Huku ishirini zina sababu, kwa kuwa mpakani tabia hubadilika kwa sehemu ya sekunde.

Sekunde 119: tiketi ishirini. Sekunde 121: hakuna tiketi hata moja, na kiti kiko sokoni. Sekunde 120 ndiyo iliyomfanya aite wasanidi wote watatu waje kutazama. Nyingine zilitoa tiketi, nyingine hazikutoa, na mara tatu mfumo ulitoa tiketi na papo hapo ukakirudisha kiti hicho hicho sokoni. Watu wawili, kiti kimoja, tiketi mbili halali.

Sababu yake ni ya kawaida kwenye mifumo ya kuuza viti. Kuna michakato miwili: mmoja unafunga oda zilizopitwa na muda, mwingine unapokea malipo. Yote miwili inasoma hali ya oda, inaikuta "inasubiri", kisha kila mmoja unaandika lake. Dawa si kuharakisha seva. Uandishi wenyewe uwe na sharti ndani ya hifadhidata: badilisha hali iwe "imelipwa" ikiwa tu bado ni "inasubiri", na mchakato unaokuta hakuna rekodi hata moja iliyobadilika ujue umechelewa. Juu ya hapo, hifadhidata ikatae katakata tiketi hai mbili zenye safari moja na kiti kimoja.

Hitilafu za muda zimewahi kuua watu, na kisa cha Therac-25 kinafaa kutajwa kwa sababu kinahusu hasa neno "haijirudii". Ilikuwa mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, na kati ya 1985 na 1987 iliwapa wagonjwa sita kipimo kikubwa kupita kiasi huko Marekani na Kanada. Baada ya ajali ya Machi 1986 mjini Tyler, Texas, wahandisi wa mtengenezaji walijaribu kuizalisha na hawakuweza. Ajali nyingine ilipotokea hapo hapo mwezi uliofuata, mtaalamu wa fizikia wa hospitali hiyo, Fritz Hager, alikaa na mwendesha mashine wakarudia alivyokuwa akiandika siku ile, mpaka ujumbe "Malfunction 54" ukatokea. Sharti lilikuwa kasi: mwendeshaji mzoefu alirekebisha herufi moja na kumaliza ndani ya sekunde nane ambazo mashine ilihitaji kupanga sumaku zake. Anayeandika taratibu haioni kamwe. Hager hakuwa na orodha ndefu kuliko wahandisi. Alikuwa na mwendeshaji pembeni yake.

Turudi Mombasa. Akiwa na seva bandia mkononi, mjaribu wa pili alituma pia matokeo yale yale mara mbili kwa CheckoutRequestID moja, jambo ambalo mpokeaji yeyote wa taarifa za mtandaoni anapaswa kulitarajia. Mfumo ulitoa ujumbe wa tiketi mara mbili. Si kubwa, ila limeandikwa. Akatuma 1032, mlipaji amekataa. Seva ikaanguka kwenye ombi hilo, kwa kuwa programu yake ilikwenda kusoma kiasi ndani ya CallbackMetadata isiyokuwepo. Kwa mnunuzi halikuonekana: kiti kilibaki kimeshikwa mpaka sekunde 120 ziishe, kisha kikaachiliwa. Msanidi alisema hilo ni dogo, linaweza kungoja. Kumbuka jibu hilo.

Ripoti aliyoandika ilianza hivi:

"Malipo yanayothibitishwa zaidi ya sekunde 120 baada ya kiti kuchaguliwa hayatoi tiketi, na kiti kinauzwa tena. Hatua: 1. Elekeza mfumo kwenye seva bandia, kuchelewa sekunde 121, msimbo 0. 2. Chagua kiti chochote, bonyeza Lipa papo hapo. 3. Subiri sekunde 125. Kilichotarajiwa: tiketi, au kiti kubaki kimeshikwa hadi malipo yajulikane. Kilichotokea: oda 'imeshindikana', kiti kiko sokoni, pesa imepokelewa. Imetokea mara 20 kati ya 20. Kwa sekunde 120 kamili: mara 3 kati ya 20 tiketi ilitoka na kiti kikauzwa tena. Nilichokiona: malalamiko 9 ya dirishani yako juu ya sekunde 120, oda 30 zilizofaulu ziko chini yake; jedwali limeambatishwa. Ninachokisia, sijathibitisha: saa kuanza kuhesabu kwenye kuchagua kiti ndiyo sababu familia zinaathirika zaidi. Sijajaribu: iPhone, Airtel Money, wanunuzi wengi kwa wakati mmoja."

Mistari mitatu ya mwisho ndiyo inayomtambulisha. Alichokiona kimewekwa mbali na anachokikisia, kwa hiyo msanidi hana la kubishia isipokuwa kisio. Na ametaja asichokigusa, ili meneja asidhani kijani kimefunika kila mahali. Wajaribu wabaya huona aibu kuandika "sijajaribu". Meneja wabaya huwafundisha aibu hiyo, kwa kuuliza kila wiki ni majaribio mangapi yamepita badala ya kuuliza ni nini bado hakijulikani.

Marekebisho ya kwanza yalikuja baada ya saa moja: 120 imegeuzwa kuwa 300. Msanidi alikuwa amechoka na Ijumaa ilikuwa inakaribia. Mjaribu wa pili hakuyakataa kwa hasira wala hakuyapitisha. Alimwambia, "Kaka, kwenye jedwali kuna mmoja wa 311. Huyu bado atakosa tiketi. Na sasa yule anayekataa PIN atashikilia kiti dakika tano badala ya mbili, maana ile ya 1032 bado inaanguka."

Hapo ndipo lile "dogo" lilipokua. Ijumaa jioni, basi likiwa limebakiza viti sita, watu sita wakibadili nia kwenye kidirisha cha PIN wanatosha kulifanya lionekane limejaa kwa dakika tano nzima. Wala hakuna atakayelalamika: aliyekataa hakulipa chochote, na aliyeikuta programu imejaa amekwenda kampuni ya jirani. Hitilafu isiyo na mlalamikaji hukaa miaka. Kwa hiyo mjaribu mzuri, akipewa marekebisho, hajaribu tu kilichorekebishwa. Hutafuta ni kipi kilikuwa kimeegemea tabia ya zamani.

Suluhisho lililokubaliwa lilikuwa na vipande vinne. Saa ya kushikilia kiti ianze upya ombi linapotumwa Daraja. Oda isiyo na matokeo isiitwe "imeshindikana" bali "haijulikani", na seva iulize hali ya muamala kwa CheckoutRequestID kila baada ya sekunde kadhaa, ikijua kwamba jibu linaweza kuwa muamala bado unashughulikiwa. Matokeo ya kukataliwa yaachilie kiti papo hapo. Malipo yakifika baada ya kiti kuuzwa, mnunuzi apewe kiti kingine cha safari hiyo, na kikikosekana oda iingie kwenye orodha ya kurudishiwa pesa, yenye karani anayeiangalia. Maneno ya skrini nayo yakabadilika: "Tunasubiri uthibitisho wa M-Pesa. Tafadhali usilipe tena."

Kurudia majaribio kulichukua jioni moja, kwa kuwa seva bandia ilikuwa tayari. Ngazi zile zile, pamoja na mpaka mpya wa muda, sekunde moja kabla, sekunde yenyewe na sekunde moja baada. Palipatikana kosa moja tena: oda "haijulikani" zilizokutwa katikati seva ilipozimwa na kuwashwa hazikuulizwa tena hali yake. Likarekebishwa.

Sasa lile lalamiko la 11. Abiria alikuwa na tiketi, alikuwa amelipa, na alikuja kituoni kwa wakati, ila usiku mmoja baada ya basi lake kuondoka. Tiketi ilisema "Ijumaa, 1:00". Basi liliondoka saa saba usiku, Alhamisi kuamkia Ijumaa. Yeye alikuja Ijumaa usiku. Karani alipoonyeshwa alicheka: dirishani hakuna anayeuza basi la saa saba bila kutamka siku zote mbili. Programu iliandikwa na watu waliosoma kalenda na kusahau wasafiri. Tiketi sasa inasema "Alhamisi kuamkia Ijumaa, saa 7:00 usiku (01:00)". Alipokuwa hapo hapo kwenye tarehe, mjaribu alifungua tovuti saa sita na nusu usiku na kukuta orodha ya "leo" ikionyesha mabasi ya jana, kwa sababu ile ile ya UTC: kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa, siku ya seva iko nyuma ya siku ya Mombasa. Hakuna mtu wa zamu ya mchana angeiona.

Na yale majaribio 212? Hayakutupwa yote. Karibu sitini yalikuwa na maana na yakageuzwa kuwa ya kujiendesha yenyewe usiku. Mengi yaliyobaki yalikuwa ya kuthibitisha kwamba kitufe kina rangi iliyokubaliwa, au yalirudia jambo moja kwa mabasi tofauti. Yakaongezwa mengine kuhusu data ambayo watu huandika kweli: majina yenye alama ya ng' kama Ng'ang'a, mtu mwenye jina moja tu, namba za simu zinazoanza na 07, 01, 254 na +254, zenye nafasi katikati na zisizo nazo.

Kampuni zinazoajiri huuliza wajaribu kuhusu vyeti na programu walizozoea kutumia. Kisa hiki kinatoa mtihani wa dakika arobaini ulio bora kuliko hayo: mpe mwombaji malalamiko 11 na kumbukumbu za seva kwa UTC, na oda zilizofaulu uziweke mahali anapoweza kuziomba lakini usimpe. Kisha tazama mambo matatu. Ataziomba? Ataoanisha saa kabla ya kumshuku mteja? Atafanya nini na yale mawili yasiyoingia kwenye mstari? Anayesema ndani ya dakika tano kwamba ni mtandao, mshukuru kwa kuja. Anayesema "tisa yanaeleweka, mawili bado siyaelewi, naweza kuongea na karani?" mpe mkataba, na umpe pia nauli ya kufika Mwembe Tayari.